Sura ya Saba: Kabati la Dani

Katika nyumba nyingi ambazo wazazi wamejengewa na watoto wao, kuanzia Rongo hadi Mbita, lipo kabati la chumbani ambalo wajukuu hukatazwa kuligusa. Ukibahatika kuonyeshwa yaliyomo utakuta mablanketi yakiwa bado kwenye mifuko yake ya plastiki yenye zipu, leso ambazo hazijakatwa wala kupindwa, vikombe ndani ya boksi lililofungwa kwa utepe, mashuka, taulo, sweta yenye lebo shingoni, na pengine saa ya ukutani iliyoletwa na mtu kutoka Marekani. Mwenye kabati mwenyewe hulala amejifunika blanketi lililochakaa, na leso aliyojifunga kiunoni imepauka hata maandishi yake hayasomeki.

Watoto wakigundua hukasirika. "Mama, blanketi hili tulikuletea Krismasi ya mwaka juzi, mbona hulitumii?" Mama husema lile la zamani bado lina joto. Mazungumzo huishia hapo, na watoto hurudi Nairobi wakiamini kwamba mzazi wao hana shida ya kitu chochote. Ana tangi la maji, ana umeme, na sola ya kumsaidia umeme ukipotea, ana televisheni, makochi, jiko la gesi na simu. Desemba inayofuata wanasimama katikati ya duka kubwa la jijini, toroli tupu mbele yao, wakiulizana: mtu kama huyu apelekewe nini?

Naamini jibu limo ndani ya kabati lile lile linalowaudhi.

Swali lenyewe ni geni katika Nyanza Kusini. Waliosafiri miaka ya 1980 kutoka kituo cha mabasi cha Machakos pale Nairobi hawakulijua. Walijua wazi kwamba nyumbani sukari imekwisha, sabuni imekwisha, majani ya chai yanapimwa kwa kijiko, na mkate ni chakula cha sherehe. Mtu alinunua mikate kadhaa usiku wa safari, akaipakata njia nzima isije ikapondwa, na alipoingia bomani watoto wa majirani walikuwa wameshajua. Kila alichobeba kilikuwa pengo lililokuwa likingoja kuzibwa.

Mapengo hayo yamezibwa moja baada ya jingine. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, pesa za sukari zikawa zinafika nyumbani kabla ya sukari yenyewe. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, miji ya Migori na Homa Bay ikawa makao makuu, ikavuta wafanyakazi, mabenki, hospitali na maduka makubwa. Isebania, mpakani na Tanzania, unapata mchele, vitenge na leso kutoka Sirari, ng'ambo ya mpaka, bila kuingoja Nairobi. Kubeba sukari kutoka jijini hadi Awendo, ambako kiwanda cha SONY kimekuwa kikisaga miwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kumekuwa kazi bure. Juu ya hayo wapo walio ng'ambo: Wakenya wa nje hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyosimamisha zile nyumba za mawe unazoziona ukishuka barabara ya Rongo kwenda Homa Bay.

Basi mzazi ana vitu. Hilo ni jambo la kushukuru, na anayelichukulia kama kero amesahau tulikotoka.

Mwaka 1993 mwanauchumi Mmarekani, Joel Waldfogel, alichapisha utafiti uliopata umaarufu mkubwa. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu walichopewa Krismasi, kisha akalinganisha bei ya zawadi na thamani ambayo mpokeaji mwenyewe aliipa. Aliona kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani hupotea, kwa kuwa mtoaji hununua kitu ambacho mpokeaji asingekinunua kwa bei hiyo. Hasara ilikuwa kubwa zaidi zawadi ilipotoka kwa jamaa wa mbali au wa rika kubwa. Ukifuata hesabu hiyo, ni heri utume pesa, mwenyewe ajichagulie.

Hesabu hiyo ina ukweli wake kwa wale walioulizwa. Lakini inachukulia kwamba safari ya zawadi inakoma mikononi mwa mpokeaji wa kwanza, na kando ya Ziwa Victoria mara nyingi hapo ndipo inapoanzia.

Nilimwomba dani mmoja, yaani bibi kwa Kijaluo, wa upande wa Karungu anieleze kabati lake. Alikubali kwa furaha ambayo sikuitarajia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatoa kitu kimoja kimoja na kukiweka magotini. "Hili blanketi ni la mke wa mjukuu wangu, anajifungua mwezi wa pili. Hizi leso mbili nampelekea dada yangu, aliolewa Mfangano. Hii nimeiweka, kukitokea msiba kwa wakwe siwezi kwenda mikono mitupu. Vikombe ni vya akina mama wa kanisani, wanakuja kwangu zamu yangu ikifika." Sweta yenye lebo alikuwa amemwekea mvulana wa jirani anayemchotea maji. Hapakuwa na kitu kisichokuwa na mwenyewe. Nilipomuuliza chake ni kipi, alicheka, akauliza nilikuwa nataka kuona kingine kipi.

Watoto wake wanaliona kabati hilo kuwa ghala la vitu vilivyosahauliwa. Kwake lilikuwa orodha ya watu. Blanketi ambalo mwanawe alilinunua Nairobi lingefika kwa mtoto mchanga ambaye yeye mwanawe hatamfahamu, likiwa limepitia mikono ya bibi, na heshima yote ingebaki kwa bibi huyo. Waldfogel angemuuliza blanketi lile lina thamani gani kwake kwa matumizi, angejibu ndogo sana. Angemuuliza lina thamani gani kwa kutoa, pengine hesabu ingegeuka.

Hiyo ndiyo hoja ya sura hii. Mzee aliye na kila kitu anapungukiwa na jambo moja ambalo umri humnyang'anya polepole: uwezo wa kutoa. Zamani alikuwa na ghala la mtama na mahindi, alikuwa na ng'ombe, alikuwa na nguvu za kulima na kuvua. Mgeni alipofika hakuondoka bila kitu. Sasa shamba linalimwa na kibarua, samaki wanalipiwa, na kila shilingi nyumbani inatoka kwenye simu ya mtoto. Anakula vizuri, lakini amekuwa mpokeaji. Zawadi inayomfaa ni ile inayomrudisha kwenye kiti cha mtoaji.

Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wajaluo, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2007, kuhusu namna watu wa eneo hili wanavyokabidhiana vitu. Ng'ombe wa mtu huwekwa kwa rafiki wa kijiji kingine; shamba huazimwa; mtoto hulelewa kwa bibi au shangazi. Mali ya mtu imetawanyika kwa watu, na watu hao ndio akiba yake. Anayezoea akaunti ya benki huona mali hiyo haipo mahali popote. Mwenye nayo anajua iko kwa nani, na siku ya shida anajua pa kwenda.

Mapema zaidi, mwaka 1989, Shipton huyo huyo alikuwa ameandika kuhusu pesa chungu, zile ambazo wazee walikataza zisinunuliwe mifugo wala kutolewa mahari. Miongoni mwake zilikuwamo pesa za kuuza ardhi ya ukoo, za dhahabu, za tumbaku, na za kuuza jogoo wa boma. Ukilifikiria eneo lenyewe utaona uzito wa katazo hilo: dhahabu ni ya Macalder kule Nyatike, na tumbaku ilienea Migori kwa miongo mingi. Sisemi kila mzee wa leo angali anashika miiko hiyo. Nasema kwamba katika nyumba hizi zawadi huulizwa imetoka wapi na inakwenda wapi, na anayeleta kitu bila kujali maswali hayo mawili atashangaa kikiwekwa pembeni.

Wanaotaka kuelewa kwa macho kwa nini uwezo wa kutoa una uzito hivi waende Kendu Bay, waangalie ziwa la Simbi. Ni ziwa dogo la duara, maji yake ya magadi, na kuna nyakati flamingo hufunika kingo zake. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa mvua, watu wakiwa wanakunywa na kucheza, alitokea kikongwe mgeni akiomba mahali pa kuota moto. Alifukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwingiza nyumbani kwake, akampa joto na chakula. Kikongwe akamwambia yeye na wa nyumbani mwake waondoke upesi. Walipokwisha kuondoka maji yalifumuka, kijiji kikazama, na ndiyo sababu panaitwa Simbi Nyaima, Simbi iliyozama. Watoto wa Karachuonyo wamekua na kisa hiki. Mwanamke aliyelelewa nacho hawezi kuishi kwa amani katika nyumba nzuri isiyo na cha kumpa anayebisha hodi usiku.

Sasa tuje dukani.

Sukari ambayo mwanzoni niliiita kazi bure inarudi, lakini kwa umbo jingine. Gunia la kilo 50 ni la mwenye duka. Pakiti za nusu kilo, katoni nzima, ni za mwenye kutoa: Krismasi asubuhi wajane wa jirani wanapita kusalimia, kila mmoja anaondoka na pakiti yake, na hakuna anayepimiwa mbele ya mwenzake. Ndivyo ilivyo kwa unga wa ngano. Beli moja ina pakiti 12 za kilo mbili. Mbili zitatosha chapati za nyumbani, kumi zitatembea. Mwachie mama azigawe mwenyewe. Nimeona mtoto aliyekuja na gari jipya akisimama mlangoni akiwagawia majirani zawadi kwa mkono wake huku mama amekaa pembeni. Majirani walishukuru sana, na mama akawa mgeni katika boma lake.

Leso hazizidi. Mtu anayesema mama ana leso nyingi hajahudhuria mazishi wala harusi za eneo hili. Nunua mbalimbali, usinunue kumi zenye maandishi na rangi moja, maana dada wawili wa kanisa moja hawatapenda kufanana kwa sababu ya pupa yako. Soma maandishi kabla ya kulipa. Leso inayomsema vibaya jirani itamwaibisha atakayeitoa, hata kama rangi yake inapendeza. Na umwachie kazi ya kuzikata na kuzipinda. Leso ambayo haijakatwa bado ni zawadi, iliyokatwa imeshakuwa nguo ya mtu.

Ujue pia dini ya nyumba. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, aliyetoka Nyasaland, walifungua misheni ya Waadventista kule Gendia karibu na Kendu Bay, na mpaka leo maboma mengi ya Homa Bay hufunga kazi Ijumaa jua likizama. Katika maboma hayo tarehe 25 Desemba ni siku ya familia kukutana zaidi kuliko sikukuu ya kanisa, na wapo wazee wanaokwepa majani ya chai na kahawa. Ukiwaletea katoni ya majani, watakushukuru kwa adabu, na wewe hutajua. Wapelekee unga wa soya. Samaki pia wachaguliwe: ngege na mbuta ni sawa, lakini kambare, ambaye wenyeji humwita mumi, haliwi mezani kwa Mwadventista kwa sababu hana magamba. Upande wa Migori, Got Kwer ni mlima mtakatifu wa Legio Maria, na mama wa kanisa hilo atafurahia kitambaa kizuri cha kushonea kanzu ya ibada, kwa rangi atakayokutajia mwenyewe. Muulize rangi. Usikisie.

Kuku ni zawadi iliyo bora sana kwa boma lenye nafasi, na sababu yake ni ya wazi. Desemba ndiyo mwezi unaomaliza kuku. Kila mgeni huchinjiwa, na kila mtoto anayeondoka hufungiwa mmoja, hata ikafika Januari mama amebaki na matetea wawili na vifaranga. Mpelekee matetea wa kienyeji walioboreshwa, wakiwa wameshachanjwa kideri, na umlipe mtu wa kuja kurudia chanjo, maana ugonjwa huo humaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki chache. Banda lake liwe na mlango unaofungwa. Miche ya maembe au parachichi ya kupandikizwa nayo ni nzuri, ila si ya Desemba: mvua za vuli zinaisha na Januari na Februari ni kiangazi, miche itakaukia mikononi mwa mtu asiyeweza kubeba maji. Ahidi, kisha uilete Machi.

Kwa mzee wa kiume, mwalimu mstaafu aliye na nyumba ya mawe, redio na kofia tatu nzuri, shida ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Watu humjia na matatizo ya Januari: sare, madaftari, karo. Zamani alisaidia kutokana na mshahara wake. Sasa anasikiliza tu na kutikisa kichwa. Mwana wake aliye na uwezo ampe bahasha, amwambie: "Baba, hii ni ya sare za watoto wawili watakaochaguliwa nawe." Asiulize baadaye ni watoto gani. Mzee atakwenda kwa fundi wa cherehani pale sokoni, atasimama huku mtoto akipimwa mabega, na mwezi mzima atakuwa na neno la kusema barazani.

Kuna upande mmoja wa Migori ambako Desemba inadai ukali kidogo. Katika Kuria, kuanzia Kehancha hadi Ntimaru, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndio msimu wa tohara, na wasichana wanaokeketwa hutembezwa barabarani wakiwa wamevishwa leso na kutuzwa pesa. Sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku ukeketaji na inamshika pia anayesaidia. Vituo vya kuwaokoa wasichana hujaa wakati huo huo wengine tunapopika pilau. Zawadi za sherehe hiyo ni sehemu ya nguvu inayomsukuma msichana: leso na noti ndizo zinazomwonyesha mdogo wake kwamba kesho na yeye atapambwa. Kwa hiyo, ukimpelekea jamaa wa huko leso na pesa, zungumza naye kwanza. Mwambie za kwako ziende kwa msichana anayefungua shule Januari akiwa mzima. Shangazi au nyanya akilisema hilo huku ameshika zawadi mkononi, ana nguvu kuliko mkutano wa chifu.

Zipo zawadi zisizoonekana, na katika miaka hii moja yake, bima ya afya, imekuwa muhimu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ilipoachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mtu asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, hutozwa asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mzee wa kijijini, hilo la kulipa kwa mkupuo ndilo linalomshinda. Mtoto alipe. Lakini alipe mapema, ahakikishe usajili umekamilika, na asiifanye kuwa zawadi ya Krismasi peke yake. Bima ni wajibu wa mtoto. Mama hawezi kumpa mgeni bima.

Niliyoiacha mpaka sasa ndiyo ninayoithamini kupita zote, nayo ni kumpeleka mama kwao.

Kwa desturi ya hapa, mwanamke huolewa mbali na alikozaliwa. Dani wa Nyatike huenda alitoka Kasipul. Aliye Rusinga huenda ni binti wa Kanyamkago. Alipokuwa kijana alirudi kwao kwa msiba na kwa harusi, akibeba kikapu kichwani. Miaka ilipokwenda magoti yalikataa, kaka zake wakafa, watoto wakawa na haraka. Wapo akina mama ambao dada yao wa tumbo moja yuko ng'ambo ya maji, Mfangano, na hawajaonana kwa miaka mingi ingawa husikilizana kwa simu kila Jumapili. Watoto walionunua televisheni ya inchi nyingi hawajawahi kuuliza.

Safari hiyo ina namna yake. Usimchukue kama mzigo wa kushushwa na kupakiwa siku hiyo hiyo. Mwambie mapema, ili apate wiki mbili za kujiandaa, maana maandalizi ni nusu ya raha: atalifungua lile kabati. Zile leso mbili za dada zitatoka. Atakwambia upitie sokoni ununue mkate, sukari na sabuni ya kipande, na hapo usibishane kwamba vitu hivyo vinapatikana kule. Kama ni Mfangano, lala Mbita, mpande boti asubuhi ziwa likiwa bado limetulia, kwa kuwa mchana upepo huinua mawimbi, na kila mmoja avae jaketi la kujiokolea, hata nahodha akisema hakuna haja. Mkifika, nyamaza. Usieleze mama amekuja kwa gari la nani. Kaa nyuma na wanaume wa boma, unywe chai, umwache atoe alivyovibeba kwa mkono wake, kimoja kimoja, akitaja jina la kila mtu. Utamwona amenyooka mgongo. Pengine hujawahi kumwona hivyo, kwa sababu maisha yako yote umemwona akiwa mama wa watu, na hapo ni binti wa boma aliyerudi.

Piga picha chache, kisha uzichapishe. Picha iliyobaki ndani ya simu yako Nairobi hakuna atakayeiona ukutani.

Imebaki njia ya kurudi, kwa sababu zawadi katika nchi hii huenda pande mbili. Ukiwa umewasha gari, mama atatoka jikoni na mfuko wa njugu karanga alizozimenya mwenyewe, viazi vitamu vya Kabondo, gorogoro mbili za omena, samaki wa obambla waliokaushwa kwa jua na kufungwa kwa gazeti, na kuku hai aliyefungwa miguu kwa kipande cha kitambaa. Wewe ndiye jamaa aliye na kila kitu sasa. Unaishi karibu na maduka, una friji, una nyama ya kutosha mwezi mzima, na yeye hakupata shida hata kidogo kujua akupe nini. Amekupa jasho lake.

Hapo ndipo watoto wengi wanapokosea kwa maneno laini. "Mama, usijisumbue, hivi vyote viko Nairobi." "Kuku atatuchafulia gari." Nimemwona mama mmoja akirudi na kuku wake jikoni huku amejaribu kutabasamu, na zawadi zote za mwanawe zikiwa zimepangwa sebuleni. Siku hiyo aliambiwa, bila aliyesema kukusudia, kwamba hana tena cha kumpa mtu.

Mchukue kuku. Weka gazeti chini ya kiti, mpe maji mkifika Kisii. Ukifika jijini, piga simu umwambie mama kuku ametaga au mmemla na nani, na omena umemgawia jirani wa mlango wa tatu ambaye ameuliza zinatoka ufuo gani. Habari hiyo itasimuliwa kanisani.

Na kabla ya safari ya Desemba hii, kabla hujaingia dukani na toroli, mpigie simu wiki hii. Usimuulize anataka nini, atasema hataki kitu. Muulize ni nani ambaye angependa kumpelekea kitu.